Riksdaler ya Sweden: jina moja, pesa tatu

Swali: Ninasoma historia hapa Göteborg, na nimepewa kuchambua karatasi za mirathi ya seremala aliyefariki mwaka 1836. Zinasema mali yake ilikuwa 120 Rdr Bco, madeni yake 90 Rdr Rgs, na ndani ya kasha zilikutwa 2 Rdr Sp. Mwalimu anasema zote ni riksdaler, ile pesa ya fedha ya zamani ya Sweden. Kama ni pesa moja, herufi za mwisho ni za nini? Na kama ilikuwa ya fedha, mbona kwenye makumbusho nimeona mabamba makubwa ya shaba yaliyoandikwa daler?

Jibu: Nianze na hesabu, maana najua una kazi ya kukabidhi. Rdr Sp ni riksdaler specie, yaani sarafu yenyewe ya fedha, ile unayoigonga mezani ikalia. Rdr Bco ni riksdaler banco, pesa ya noti za Riksbank, benki ya bunge la Sweden. Rdr Rgs ni riksdaler riksgälds, pesa iliyozaliwa na noti za Riksgäldskontoret, ofisi ya deni la taifa. Kuanzia mwaka 1834 riksdaler 1 ya specie ilihesabiwa kuwa 2⅔ za banco, au 4 za riksgälds. Basi mali ya seremala wako ni specie 45, madeni yake ni specie 22 na nusu, na ukiongeza zile mbili za kashani warithi walibaki na specie 24 na nusu. Kila specie ilikuwa na gramu 25 na nusu hivi za fedha safi, basi hizo ni takriban gramu 625. Ukichukua namba kama zilivyoandikwa, 120 ukatoa 90 ukaongeza 2, unapata 32, na 32 hiyo haina maana yoyote duniani.

(Humu nikisema fedha nakusudia madini. Ya kununulia nitaiita pesa, tusichanganyikiwe.)

Sasa ilikuwaje pesa moja ikazaa tatu? Watu wengi husimulia historia ya riksdaler kana kwamba sarafu ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Mimi naona kinyume chake. Sarafu ya fedha ilikaa karibu palepale, na gramu zake 25 na nusu hivi za fedha safi, kwa zaidi ya miaka 200. Kilichohama ni kila kitu kilichoazima jina lake: hesabu ya vitabuni, shaba, kisha karatasi. Na karibu kila herufi ya ziada unayoikuta kwenye nyaraka ina vita nyuma yake.

Asili yake haiko Sweden. Karibu na mwaka 1520, katika milima ya Bohemia, mahali palipoitwa Joachimsthal (leo ni Jáchymov, katika Jamhuri ya Czech), makabaila wa ukoo wa Schlick walianza kufua sarafu kubwa za fedha kutoka kwenye machimbo yao. Ulaya ilikuwa imezoea sarafu ndogondogo, na biashara kubwa ilikuwa inazihitaji kwa magunia. Sarafu ya Joachimsthal, iliyokuja kuitwa thaler kwa kifupi, iliwafaa wafanyabiashara mno, na watawala wakaiga mmoja baada ya mwingine. Gustav Vasa, mfalme aliyeitoa Sweden kwenye muungano na Denmark mwaka 1523, alifua daler yake ya kwanza mwaka 1534. Fedha alikuwa nayo nyumbani, kwenye mgodi wa Sala, kaskazini-magharibi mwa Stockholm.

Ila watu wake hawakuwa wakihesabu kwa daler. Walihesabu kwa mark na öre: öre 8 ni mark 1, na mark 4 zikaja kuhesabiwa kuwa daler 1. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipotokea. Mfalme akiishiwa alipunguza fedha ndani ya sarafu ndogo, kwa sababu mkulima wa Småland hana la kufanya, atapokea anachopewa. Sarafu kubwa hakuweza kuichezea. Ile ilikuwa ya kuwalipa Wajerumani na Waholanzi, na hao walikuwa na mizani. Kwa hiyo "daler" ya hesabu, yaani mark 4 za sarafu ndogo, ikaendelea kushuka, na daler ya fedha ikabaki juu. Mwaka 1604 ile ya fedha ikapewa jina la riksdaler, daler ya dola, na kufikia mwaka 1609 ilikuwa inabadilishwa kwa mark 6, si 4 tena.

Wasomaji wetu wa Zanzibar na Muscat wana binamu ya sarafu hii kwenye kumbukumbu za mababu. Riale ya Maria Theresa, ya Austria, ni ya ukoo uleule wa thaler, nyepesi kidogo, na fedha safi gramu 23 na ushei. Malkia mwenyewe alifariki mwaka 1780, lakini sarafu iliendelea kufuliwa na sura yake na tarehe ileile kwa miaka na miaka, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikuwa wameizoea hiyo na hawakutaka nyingine. Mtawala anaweza kuwalazimisha raia zake wapokee chochote. Mgeni mwenye mizani hamwezi.

Turudi kwako Göteborg. Karibu na mdomo wa mto Göta kulikuwa na ngome ya Älvsborg, mlango pekee wa Sweden kuelekea bahari ya magharibi. Wadenmark waliiteka mwaka 1612, katika vita vya Kalmar. Mkataba wa Knäred wa Januari 1613 uliweka bei ya kuikomboa: riksdaler milioni 1, za fedha, zilipwe ndani ya miaka 6. Piga hesabu: ni zaidi ya tani 25 za fedha safi. Kodi maalumu ikatozwa kuanzia mfalme mpaka kijakazi, shaba ikauzwa nje kwa wingi, na malipo yakakamilika mwaka 1619. Huenda hakuna tukio moja linaloeleza vizuri zaidi kwa nini nchi iliyojivunia sarafu ya fedha iliishia kulipana kwa shaba. Fedha ilikuwa imevuka mpaka.

Shaba ndiyo iliyobaki, na ilibaki nyingi. Mgodi wa Stora Kopparberg, pale Falun, ulikuwa mkubwa kuliko yote Ulaya. Mwaka 1624 serikali ya Gustav II Adolf ikaanza kutoa pesa ya shaba. Mawazo yake yalikuwa ya ujanja: tukiitumia shaba wenyewe kama pesa, itapungua sokoni Amsterdam, na bei itapanda. Bei haikutii. Thamani ya shaba ilipokuwa ikishuka, daler ya shaba ikaachana na daler ya fedha, na vitabu vya hesabu vikaanza kuandika zote mbili: daler silvermynt na daler kopparmynt. Baadaye daler 3 za kopparmynt zikawa ndiyo bei ya daler 1 ya silvermynt. Na angalia, hiyo silvermynt nayo ni kizio cha hesabu. Riksdaler ya fedha ilikuwa juu yao wote wawili.

Mabamba uliyoyaona ni tokeo la mantiki hiyohiyo. Kama pesa lazima iwe na thamani ya madini yake, na madini ni ya bei nafuu, basi pesa lazima iwe nzito. Bamba la daler 10 lililotolewa Avesta mwaka 1644 lina kilo 19.7, uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Mabamba madogo zaidi yalitumika hadi 1776, na mfanyabiashara aliyelipwa deni kubwa alilazimika kwenda kulichukua na mkokoteni.

Ni hali hii iliyompa nafasi Johan Palmstruch, mzaliwa wa Riga, ambaye mwaka 1656 alipewa kibali cha kuanzisha Stockholms Banco. Mwaka 1660 serikali ikapunguza uzito wa mabamba mapya. Kila aliyekuwa ameweka mabamba ya zamani benki akayataka yaleyale, mazito. Palmstruch hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa ameshakopesha. Akatoa vyeti vilivyochapwa, vya kiasi kamili kisicho na chenji, visivyolipa riba wala kutaja jina la mwenye nacho: aliyekishika ndiye mwenye pesa. Hizo, za mwaka 1661, ndizo noti za kwanza za benki Ulaya. Watu walizipenda, na nani asingependa kubadilisha kilo 20 za shaba kwa karatasi ya mfukoni? Akatoa nyingi mno. Ndani ya miaka mitatu watu walizirudisha kwa pamoja na benki ikashindwa kulipa. Mwaka 1668 Palmstruch alihukumiwa kifo, akapunguziwa kuwa kifungo, akafa mwaka 1671.

Mimi huwa simwiti tapeli, ingawa vitabu vingi vinafanya hivyo. Alikuwa amekopesha vigogo wa dola waliokuwa juu ya sheria, na hao hawakufungwa. Bunge likaichukua kazi yake mwaka uleule wa 1668 na kuanzisha benki ya kwake, ambayo leo ni Sveriges Riksbank, benki kuu kongwe kuliko zote duniani. Wakulima, mojawapo ya matabaka manne ya bunge, walikataa kushiriki. Na mwanzoni benki mpya ilikatazwa kabisa kutoa noti. Kumbuka hilo la kuwa benki ni ya bunge na si ya mfalme, maana ndilo litakalozaa Rgs yako.

Karne ya 18 inafunguliwa na Karl XII na vita vyake na Urusi, Denmark na wengineo. Hazina ikiwa tupu, mshauri wake Georg Heinrich von Görtz alisimamia utoaji wa vipande vidogo vya shaba, kuanzia mwaka 1715, kila kimoja kikitajwa kuwa daler 1 ya silvermynt. Bamba la kweli la daler 1 lilikuwa na zaidi ya gramu 700 za shaba. Kipande hiki kilikuwa na gramu chache tu. Vilitolewa kwa mamilioni, vikiwa na picha za Jupiter, Saturnus, Mars na miungu mingine ya Kirumi, na bei zikapaa. Mfalme alipigwa risasi Fredriksten, Norway, mwishoni mwa mwaka 1718. Miezi michache baadaye Görtz alikatwa kichwa Stockholm, na vipande vyake vikakombolewa kwa nusu ya thamani iliyoandikwa.

Baada ya hapo mfalme alinyang'anywa madaraka na bunge likatawala kwa zaidi ya miaka 50. Hapa ndipo panaponivutia kuliko pengine popote, kwa sababu serikali ya wabunge iliharibu pesa kwa ustadi uleule wa wafalme. Chama cha Hattarna kilikopesha wenye viwanda na kugharamia vita kwa noti za Riksbank. Mwaka 1745 noti hizo ziliacha kubadilishwa kwa madini. Kisha ikaja vita ya Pommern, 1757 hadi 1762, na noti zikamwagwa.

Kipimo kizuri cha homa hiyo ni bei ya pesa ya Hamburg, mji ambako Sweden ilikuwa inafanyia malipo yake ya nje. Kwa kiwango cha haki, riksdaler 1 ya Hamburg ilikuwa ya mark 36 za kopparmynt. Mwanzoni mwa miaka ya 1760 ilivuka 100. Wapinzani wao, Mössorna, walipoingia madarakani mwaka 1765 waliamua kuirudisha ilikokuwa, kwa kupunguza noti na kubana mikopo, na kufikia 1768 walikuwa wameishusha hadi karibu 42. Kwenye karatasi ni ushindi. Mitaani ilikuwa balaa: aliyekopa wakati pesa ni nyepesi alidaiwa wakati pesa ni nzito, viwanda vilifungwa, na mwaka 1769 Mössorna waling'olewa. Wachumi wa leo bado wanavitumia visa hivi viwili kubishania lipi ni baya zaidi, kupanda kwa bei au kushusha kwa nguvu. Jibu langu: mwenye akiba anaumizwa na la kwanza, mwenye deni na la pili, na mfanyakazi anaumizwa na yote mawili.

Gustav III aliyapindua madaraka ya bunge mwaka 1772, na waziri wake wa hazina, Johan Liljencrants, akafanya kile ambacho nakihesabu kuwa kazi safi kuliko zote katika historia ya pesa hii. Hakujaribu kuirudisha noti kwenye kiwango cha zamani. Aliangalia sokoni inauzwaje, akakuta ni kama nusu, akasema basi na iwe nusu. Kwa sheria ya mwaka 1776, riksdaler 1 ya fedha ikawa daler 6 za silvermynt, au daler 18 za kopparmynt (hizo ni mark 72, mara mbili ya zile 36). Daler zote mbili za hesabu zikafutwa, mabamba ya shaba yakastaafu, na nchi nzima ikahesabu kwa kizio kimoja: riksdaler, yenye skilling 48, na kila skilling ina runstycke 12. Noti mpya zilibadilishwa kwa fedha yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za Gustav Vasa, jina moja lilikuwa na maana moja.

Raha hiyo ilidumu miaka 12 tu.

Mwaka 1788 Gustav III alianzisha vita na Urusi. Alihitaji pesa, na benki haikuwa yake bali ya bunge, nayo ilikuwa na ukaidi wa kutunza fedha iliyoko kwenye vyumba vyake. Mwaka 1789 ikaundwa Riksgäldskontoret, ofisi ya kusimamia deni la taifa. Ofisi hiyo ikatoa hati za deni za viwango vidogo, na hati za deni ndogo zinazopita mkono kwa mkono ni noti, uite utakavyo. Zilihesabiwa kwa riksdaler pia. Zilikuwa nyingi, hazikubadilishwa kwa fedha, na muda si mrefu soko likazipa bei yake. Watu wakalipana kwa za riksgälds na kuficha za banco pamoja na sarafu. Mkataba wowote wa miaka ile usiotaja ni riksdaler ipi ulikuwa ugomvi unaosubiri mahakama. Ndiyo sababu makarani wakazoea kuandika Bco au Rgs mwishoni, kama yule aliyeandika mirathi yako.

Mwaka 1803 tofauti hiyo ikafungwa kisheria: 1 ya banco ni 1 na nusu ya riksgälds. Noti ya banco bado ilikuwa sawa na sarafu ya fedha. Halafu ikaja vita nyingine na Urusi, 1808 na 1809, ambayo iliigharimu Sweden Finland nzima, na mwaka 1809 noti za banco nazo zikaacha kubadilishwa kwa fedha. Sasa herufi zikawa tatu. Sarafu ikajitenga juu kabisa na kuitwa specie, banco ikashuka chini yake, na riksgälds chini ya banco kwa umbali uleule wa 1803. Huko Finland, ingawa tayari ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, noti za Sweden ziliendelea kuzunguka pamoja na ruble hadi 1840, jambo lililowakera sana watawala wa St. Petersburg.

Ilichukua robo karne kutengeneza. Bunge lilibishana: turudi kwenye kiwango cha zamani, specie 1 kwa banco 1, au tukubali hasara? Walikuwa na kumbukumbu ya Mössorna. Wakamfuata Liljencrants. Sheria ya mwaka 1830 iliweka specie 1 kuwa skilling 128 za banco, ambazo ukigawa kwa 48 unapata zile 2⅔, na mwaka 1834 Riksbank ikafungua dirisha lake tena na kutoa fedha kwa yeyote aliyeleta noti. Wakati huohuo sarafu ilibadilishwa mwili: ikawa gramu 34, na fedha sehemu 750 kwa 1000 badala ya sehemu 878 za zamani. Ni kubwa zaidi, ila pima fedha iliyomo: bado ni gramu 25 na nusu. Wanaokusanya sarafu hudhani riksdaler "ilishushwa" mwaka 1830 kwa sababu wanaangalia usafi wa madini peke yake. Wanakosea.

Majirani nao walipita njia hiyohiyo, kwa ajali kubwa zaidi. Denmark, iliyokuwa inatawala Norway pia, ilikuwa na rigsdaler yake ya mark 6, au skilling 96. Uingereza ilipoupiga mabomu mji wa Copenhagen mwaka 1807 na kuondoka na meli zake za vita, mfalme aliingia upande wa Napoleon na kugharamia vita kwa noti. Tarehe 5 Januari 1813 dola ilifilisika rasmi. Noti za zamani zilibadilishwa 6 kwa 1, kupata rigsbankdaler mpya iliyokuwa nusu ya sarafu kamili ya specie. Benki mpya ikapewa haki ya kwanza juu ya asilimia 6 ya thamani ya kila ardhi na nyumba, yaani kila mwenye shamba aliamka akiwa mdaiwa. Noti hizo zilirudi kwenye thamani kamili mwaka 1838, chini ya Nationalbanken iliyoanzishwa 1818.

Norway ndiyo kisa cha kusikitisha, na cha kuchekesha ukipenda. Fedha ya ufalme wote ilikuwa inatoka kwao, Kongsberg, ambako inasimuliwa kwamba mwaka 1623 watoto wachungaji waliona kitu kinang'aa pale ng'ombe dume alipokuna pembe zake kwenye mwamba. Machimbo yale yalitoa zaidi ya tani 1,300 za fedha hadi yalipofungwa miaka ya 1950, na karakana ya sarafu ilihamishiwa hapo mwaka 1686. Alama yake ni nyundo mbili zilizokingamana. Lakini nchi ilipotengana na Denmark mwaka 1814, haikuwa na benki wala akiba ya fedha ya kuanzishia benki. Norges Bank ikaundwa kwa sheria ya Juni 1816, makao yake Trondheim, na mtaji ukaombwa kwa hiari. Hiari haikuja. Ikawa kodi: speciedaler milioni 2 za fedha kutoka kwa wananchi. Watu wakapeleka vijiko, mitungi na vikombe vya harusi vikayeyushwe. Kizio kipya, speciedaler, kilikuwa na skilling 120, na noti za zamani zilibadilishwa 10 kwa 1. Ilifika mwaka 1842 ndipo benki ikatoa fedha kamili kwa noti zake. Waliotoa vijiko walipewa hisa za benki, na hisa hizo baadaye zikawa mali nzuri. Sijui kama iliwatuliza wakati ule.

Mwisho wa riksdaler ulikuwa mwepesi kuliko maisha yake. Mwaka 1855 Sweden iliachana na skilling. Kizio kikuu kikawa riksdaler riksmynt, yenye öre 100, na hii haikuwa pesa mpya bali ile riksgälds yako ya seremala ikiwa na nguo mpya, robo ya specie. Ile iliyoanza kama karatasi ya deni ya Gustav III ndiyo iliyoshinda, kwa sababu ndiyo watu wa kawaida waliyokuwa wakihesabia bei ya samaki na mshahara.

Kisha Ujerumani, baada ya kuishinda Ufaransa mwaka 1871, ikahamia kwenye dhahabu na kuanza kuuza fedha yake. Bei ya fedha ikaanza kuteremka, na nchi zilizokuwa zinauza mbao, chuma na siagi kwa Uingereza na Ujerumani hazikuona sababu ya kubaki na madini yanayokimbiwa. Mwaka 1873 Sweden na Denmark zilianzisha muungano wa sarafu wa Skandinavia, na Norway ikajiunga mwaka 1875. Kizio kilikuwa krona, au krone kwa wengine wawili. Kilo 1 ya dhahabu ilitoa kronor 2,480. Uzuri wake ni kwamba misiba ya zamani ilikuwa imeacha hesabu nyepesi: Sweden ilikuwa kwenye robo ya specie, Denmark kwenye nusu, Norway kwenye nzima. Basi riksdaler riksmynt 1 ikawa krona 1, rigsdaler 1 ya Denmark ikawa kroner 2, na speciedaler 1 ya Norway kroner 4. Fedha ikabaki kwenye sarafu ndogo tu, kwa chenji.

Kwa nyaraka zako zijazo: ukikuta D K:mt (daler kopparmynt) au D S:mt (daler silvermynt), umerudi nyuma ya 1776 au kwa mwandishi mzee aliyegoma kubadilika, tumia 18 na 6 kwa karatasi za karibu na mwaka huo, lakini usizitumie kwa za miaka ya 1730, maana wakati ule riksdaler ilikuwa daler 9 za kopparmynt. Rdr Rmt, yaani riksdaler riksmynt, ni ya baada ya 1855, na unaisoma sawa na Rgs. Kati ya 1809 na 1834 usitumie ile 2⅔ kwa kugeuza kuwa fedha, kwa sababu bei ilikuwa inacheza sokoni. Ila uwiano wa banco na riksgälds, 1 kwa 1 na nusu, unaweza kuutegemea kuanzia 1803. Skilling usiiamini mpaka ujue ni ya nani: 48 kwa riksdaler Sweden, 96 Denmark, 120 kwa speciedaler ya Norway.

Na angalia tena orodha ya vyombo ya huyo seremala. Mara nyingi vijiko vya fedha huandikwa kwa uzito, kwa lod, kizio cha takriban gramu 13, kisha kando yake bei kwa banco. Ukigawa bei kwa uzito utaona kama waliofanya tathmini walimpa bei ya haki au walimpunja mjane.